Haramia wa Pili: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu,

Aleikum salaam. Ujumbe wako wa sauti tumeusikia, ingawa matatu za Nairobi zimekula nusu ya maneno. Nilichoelewa ni hiki: umeitwa kwenye filamu ya wageni, itapigwa huku pwani, na kwenye karatasi waliyokutumia mtu utakayemwigiza hana jina, ameandikwa "Haramia wa Pili". Malipo ya wiki mbili yanashinda yote uliyoyapata jukwaani mwaka mzima. Wenzako wa kikundi wanakwambia ukikubali umewauza watu weusi wote, nawe wauliza, "Baba, niishike kazi hii au niiache?" Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu wewe hukatiza.

Uharamia wenyewe haunitii aibu. Mwigizaji anayetaka kuwa mtu mwema kila siku na aende kwenye matangazo ya sabuni. Bahari hii imeona wanyang'anyi wa kila rangi. Wareno walioipora na kuichoma Mombasa mwaka 1505 walikuwa maharamia kwa kipimo chochote kile, lakini wao vitabuni wana majina, wana mji waliotoka na mfalme aliyewatuma, na Vasco da Gama aliyewatangulia ana nguzo yake Malindi mpaka leo. Hakuna aliyemwandika Haramia wa Kwanza.

Kisa cha Maersk Alabama unakijua. Ile meli ilikuwa ikija Mombasa, Aprili 2009, ikavamiwa na vijana wa Kisomali. Watatu waliuawa na wanajeshi wa majini wa Marekani, na wa nne alihukumiwa New York mwaka 2011 kifungo cha zaidi ya miaka 33. Hollywood ikaifanya filamu mwaka 2013, na kiongozi wa maharamia akaigizwa na Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyehamia Minneapolis, ambaye hakuwa amewahi kuigiza. Ile sentensi yake iliyovuma dunia nzima, ya kumwambia nahodha wa meli kwamba sasa nahodha ni yeye, haikuwamo kwenye karatasi. Aliitoa kichwani mwake kamera ikiwa inakwenda. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 200. Yeye, kwa ilivyoripotiwa, alilipwa dola 65,000. Hilo la fedha liweke, nitalirudia.

Abdi aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na katika hafla ya tuzo hizo, Machi 2014, Lupita Nyong'o wetu akashinda ya kwake. Alfajiri ile nilipopata habari nilishangilia mpaka mamako akaniuliza kama nimeshinda mimi. Baadaye, nikipaka chombo mafuta, ndipo likanijia: watu wetu wawili wa upande huu wa Afrika wamefika kileleni, mmoja kwa kuigiza haramia, mwengine kwa kuigiza mtumwa. Mtu mweusi wa kwanza kabisa kuipata tuzo hiyo, Hattie McDaniel, aliipata mwaka 1940 kwa kuigiza mtumishi wa nyumbani. Octavia Spencer akaipata mwaka 2012, mtumishi wa nyumbani vilevile. Wote waliigiza vizuri, tena vizuri sana. Siwalaumu hata mmoja. Naulizia tu mlango waliopitishwa.

Mtazame huyo Hattie McDaniel. Filamu yake, Gone with the Wind, ilipozinduliwa Atlanta Desemba 1939 hakuwapo, kwani Georgia wakati huo ilikuwa na sheria za kuwatenga watu weusi. Usiku wa tuzo alikalishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Hayo husimuliwa kila mwaka. Lisilosemwa sana ni habari ya yule aliyemwigiza. Anaitwa Mammy, basi. Jina alilopewa alipozaliwa hatulijui. Mume hatumwoni, mtoto wake mwenyewe hatumwoni. Mashaka yake yote ni mashaka ya mabwana zake, na furaha yake ni wao wakifurahi. Hapo ndipo ubaya ulipo kwa maoni yangu. Kwenye picha zao mtu mweusi anaweza kuwa mwema kama Mammy au mwovu kama haramia, kote mamoja: hana kwao. Huingia kutoka kusikojulikana, hufanya alilotakiwa kwa ajili ya mtu mwengine, akishalifanya hutoweka.

Sasa mlinganishe na yule Mwas wa Nairobi Half Life, filamu ya mwaka 2012 uliyonilazimisha niitazame. Mwas ni mwizi. Anaiba magari, anakaa na majambazi, na hakuna anayemficha ubaya wake. Lakini tumekiona kijiji alichotoka, tumewaona wazazi wake, tumemwona akiuza kanda za filamu na kuigiza mbele ya wateja kwa sababu anatamani jukwaa. Akiiba, roho inakuuma, maana unajua ni mtoto wa nani. Ile filamu haikutusafisha hata kidogo, na bado sikuona mtu wa Nairobi aliyelalamika kwamba amedhalilishwa.

Wenzako wanapigana na filamu, mimi habari hunikera zaidi, kwa kuwa mtu wa filamu angalau amebuniwa. Januari 2019 magaidi waliposhambulia hoteli ya DusitD2 pale Nairobi, watu 21 wakauawa, na New York Times wakatoa picha ya maiti zimeinama juu ya meza za mkahawa, nguo zile zile walizovaa asubuhi kwenda kazini. Mke angeweza kumtambua mumewe kwa shati. Wakenya walipopiga kelele, swali lao lilikuwa moja: mbona wakifa wa kwenu hamfanyi hivi? Gazeti likatoa maelezo yake. Mimi sikuhitaji maelezo. Aliyeichagua picha ile hakufikiria kwamba waliolala pale wana watu majumbani wanaofungua simu.

Na usidhani dawa ni kumpa kamera mtu wetu, kama unavyopenda kusema. Picha za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizotikisa dunia Oktoba 1984, zilipigwa na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, mtu shujaa kupita kiasi, aliyekuja kufa mwaka 1996 kwenye ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini Ngazija. Sauti juu ya picha zake ilikuwa ya Michael Buerk wa BBC. Sisemi zisingepigwa, zilileta chakula, na walioishi kwa sababu yake wapo. Ila watu walioona mifupa ile hawakuambiwa vya kutosha habari za vita baina ya serikali ya Mengistu, mtawala wa Ethiopia wakati ule, na waasi wa kaskazini, vilivyoifanya njaa iwe vile. Ikaonekana kama mvua tu imekosa kunyesha juu ya watu wasio na historia. Wanamuziki wa Uingereza na Ireland wakakusanyika wakaimba wimbo wa kuuliza kama watu wale wanajua kuwa ni Krismasi. Wahabeshi, mwanangu! Wana makanisa tangu karne ya 4. Hata mimi Muislamu wa Shela nalijua hilo.

Nawe unajua kwamba na mimi nimeshawahi kuwa "mtu wa nyuma" kwenye picha. Ulikuwa mdogo. Walikuja wapiga picha wa mitindo kutoka Ulaya, wakaikodi mashua yetu na mabaharia wake. Kwanza walituvua fulana za mpira, wakatufunga vikoi ambavyo walikuja navyo wao. Saa za mkononi, vua. Mashine ya boti ikafunikwa kwa mkeka, madumu ya plastiki yakatupwa ufukweni, tanga likapandishwa ingawa upepo haukuwapo. Mjomba wako alicheka, akaambiwa asicheke. Mwanamitindo akakaa katikati, na yule msaidizi mwenye ngao ya fedha ya kurudisha mwanga akaielekeza usoni mwake yeye tu. Jarida lilipotoka tulikuwa vivuli vitatu vyenye vifua. Yeye aliandikwa jina, nguo zikaandikwa jina na bei, sisi na mashua hatukuandikwa kitu.

Hilo la vivuli, kumbe, lina historia yake. Kwa miaka mingi Kodak, watengenezaji wa filamu za kamera, waliwapa maabara za picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ikawa ndiyo kipimo cha picha iliyotoka sawa. Sisi tulitoka macho na meno. Watengenezaji wa samani na wa chokoleti walilalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitoki vizuri, na malalamiko yao yalichangia filamu hizo za kamera kurekebishwa. Mbao zilisikilizwa kabla ya watu.

Fedha ya siku ile niliichukua, na nusu ya mashine mpya ilitoka humo. Wala sijuti. Ila angalia tofauti: mimi ni nahodha, nilikodishwa chombo na mikono. Picha ile haikuwa kazi yangu. Wewe kazi yako ndiyo hiyo hiyo picha, utaibeba popote uendapo.

Kabla sijafika kwenye jibu, niseme na la nyumbani, maana kuwasema wageni ni rahisi. Washa televisheni za Nairobi utazame vichekesho. Mtu wa Pwani yuko juu ya mkeka, maneno yanamtoka kwa kuburura, kazi haijui. Akiwa mwanamke, basi ana majini. Msomali ana duka au ana bomu. Ni Waafrika wanaoandika hayo, kwa ajili ya Waafrika, tena kwa Kiswahili tulichowafundisha sisi. Na sisi wa Lamu tusijitoe. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907, lakini sikiliza hadithi za mabibi: mtumwa huja akiwa amebeba maji, husema jambo la kuchekesha, akitoka hatujui amelala wapi. Mammy wetu huyo, tena tulimtunga wenyewe bila kufundishwa na Hollywood.

Basi, jibu langu. Usikatae kwa sababu ya wenzako, wala usikubali kwa sababu ya fedha peke yake. Omba karatasi zote za filamu, zisiwe zako tu, uzisome. Tafuta kama kuna mahali popote maharamia wanazungumza wao kwa wao pasipo mzungu kusikiliza. Tafuta kwa nini huyu wako aliingia kwenye boti. Kisha nenda kwa mwongozaji, kwa adabu, umuulize jina lake nani na kwao wapi. Akiwa hana jibu, wewe uwe nalo tayari. Umeniambia wanataka useme Kisomali, nawe ni Mbajuni ambaye Kisomali chako ni cha dukani. Mwambie amfanye Mbajuni. Mwambie huyu kijana wazazi wake walikimbia Chula, kisiwa cha Wabajuni upande wa Somalia, vita vilipoanza mwaka 1991, wakaja na mashua mpaka huku, babake alikuwa mvuvi wa kamba na meli kubwa za kigeni zikaburura nyavu mahali alipozoea kuvua. Hayo hayahitaji dakika kumi za filamu. Yanahitaji sentensi mbili kwa Kibajuni, na mtu mmoja wa kumwita kwa jina lake. Abdi aliingiza sentensi yake bila kuandikiwa na mtu, na filamu ikawa bora, si mbaya zaidi.

Mwongozaji mwenye akili atafurahi, amepata bure alichokuwa akikitafuta. Akikwambia Haramia wa Pili ni Haramia wa Pili tu, shika bunduki upige kelele, basi mwachie kazi yake urudi jukwaani. Mamako hakubaliani nami hapa. Yeye anasema uchukue fedha, uwapigie hizo kelele, halafu utengeneze filamu yako kwa fedha yao. Nimemwambia nitakuandikia na rai yake, na nimeandika.

Sasa fedha. Unakumbuka zile 65,000 na zile milioni 200. Waulize kama malipo ni ya mkupuo mmoja au kuna kitu filamu ikiuzwa nje na ikirudiwa kwenye televisheni. Uliza jina lako litaandikwa vipi mwishoni, na nani anayelipa bima ukianguka kwenye boti, kwa sababu kusi likianza huko nje ya Manda si mahali pa kuchezea, na watu wa filamu hawajui maji. Binamu yako wa Mombasa anasoma mikataba kila siku. Mpelekee kabla hujatia sahihi. Na wakiwa bado hawajapata nahodha, nambari yangu unayo.

Babako,
Shela, Lamu