Kabla hujalipia hiyo "Sridevi mwanzo mwisho"

Mkuu, usilipe. Kama umeshalipa, mrudie huyo jamaa kabla hajafunga kibanda.

Umesema unamkusanyia mama yako picha za Sridevi, yule mwigizaji wa filamu wa India, na kuna muuzaji ana diski yenye "zote", kuanzia Himmatwala ya 1983 hadi Judaai ya 1997. Na amekuambia zile za Kusini mwa India uachane nazo, eti ni za kijijini, hazina maana, mama hatazielewa. Maneno hayo hayo niliuziwa mimi. Nadhani hawa watu wana chuo chao mahali.

Sikiliza. Sridevi ni mtoto wa Tamil Nadu, kazaliwa 1963. Kamera imemjua tangu ana miaka minne. Mwaka 1971, akiwa bado binti mdogo kabisa, alichukua tuzo ya mwigizaji mtoto ya jimbo la Kerala kwa picha ya Kimalayalam, Poompatta. Mwaka 1972 alicheza mjukuu wa mwigizaji N. T. Rama Rao kwenye Badi Panthulu ya Kitelugu, na 1979 akacheza mpenzi wa mzee huyo huyo kwenye Vetagadu (ndiyo, umesoma sawa, na watu walijaza kumbi). Hiyo 1983 anayokuuzia kama "mwanzo" inamkuta mwanamke aliyekwisha kufanya kazi kwa Kitamil, Kitelugu, Kimalayalam na Kikannada, na nyumbani kwao ni nyota. Mwanzo gani huo?

Sasa nikwambie yaliyonipata, ucheke mapema yaishe.

Diski yangu niliinunua Kariakoo. Jamaa alikuwa na mdomo mtamu, kaniandikia na mpangilio kabisa kwenye karatasi, namba moja Himmatwala. Nikaenda nyumbani nikaanza kama mwanafunzi mtiifu. Mwigizaji Jeetendra na viatu vyake vyeupe, mitungi ya rangi imepangwa kila mahali, Sridevi anacheza katikati. Nikahamia Mawaali. Nikahamia Tohfa ya 1984. Baada ya hapo ukiniuliza ipi ni ipi siwezi kukujibu, na hata aliyezitengeneza sidhani kama angeweza. Ule ulikuwa mradi: watu wa Kusini wanachukua hadithi iliyouza kwa Kitelugu, wanaipiga upya kwa Kihindi, Kader Khan anaandika maneno, Bappi Lahiri anapiga muziki, Jeetendra anaingia, mzigo sokoni. Hiyo Himmatwala yenyewe ni Ooruki Monagadu ya 1981, mwongozaji yule yule K. Raghavendra Rao, ila kule steringi wa kike alikuwa Jaya Prada.

Kilichoniudhi zaidi ilikuwa sauti. Uso unasema jambo moja, sauti inasema lingine. Macho yamejaa hasira, halafu inatoka sauti nyembamba ya kudeka. Nikafanya kile ambacho mtu mwenye bando na muda hufanya: nikafungua uzi humu humu jukwaani, nikaandika kwa kujiamini kwamba Sridevi ni macho na kiuno, kuigiza hajui, wazee wetu walidanganywa na nyimbo. Uzi ule bado upo. Asiutafute mtu, tafadhali.

Baadaye nikaenda Dubai kutafuta riziki, chumba kimoja na Mtamil, Mmalayali (mtu wa Kerala) na vijana wawili wa Tanga. Jioni moja nikawaonyesha diski yangu kwa majivuno, na nadharia yangu nikaimwaga yote. Yule Mtamil hakubishana. Aliniuliza tu kama nimemwona Mayil. Nikamwambia huyo simjui. Akageuka ukutani akalala. Mmalayali ndiye aliyenihurumia, akanieleza jambo ambalo muuzaji wangu na yule mchambuzi wa kwenye mtandao niliyekuwa namnukuu kila siku hawakuwahi kulitaja hata kwa bahati mbaya: ile sauti niliyokuwa naihukumu haikuwa yake.

Ndiyo. Sridevi alipofika Bombay, kunakotengenezwa picha za Kihindi, Kihindi chake kilikuwa hakijakaa sawa, kwa hiyo watengenezaji wakamwingizia sauti za watu wengine. Picha nyingi za miaka ile unayemsikia ni Naaz, yule aliyekuwa mtoto kwenye Boot Polish ya 1954. Kwenye Aakhree Raasta ya 1986, anaposema na Amitabh, unayemsikia ni mwigizaji mwenzake, Rekha! Sauti yake mwenyewe kwa Kihindi aliitia kwa mara ya kwanza kwenye Chandni, 1989. Kwa hiyo mimi nilikaa miezi nikimpima mpishi kwa chakula kilichopashwa na jirani, halafu nikaenda kutangaza mtaani kwamba hajui kupika.

Na bado. Kwenye diski ile kulikuwa na Aadmi Aur Apsara, na nyingine inaitwa Hairaan. Nilizihesabu kuwa picha za Kihindi zilizofanywa ovyo, midomo haifuatani na maneno, nikazicheka. Kumbe ya kwanza ni Jagadeka Veerudu Athiloka Sundari ya 1990, amecheza na Chiranjeevi, muziki wa Ilaiyaraaja, moja ya picha za Kitelugu zilizopendwa mno. Ya pili ni Kshana Kshanam ya 1991, ya Ram Gopal Varma, ambayo ilimpa Sridevi tuzo ya Nandi, ya jimbo la Andhra Pradesh, ya mwigizaji bora wa kike. Zimeingizwa sauti ya Kihindi, zimebadilishwa majina, zimechomekwa kwenye diski, na mtu aliyeniambia picha za Kusini hazina maana akanitoza hela kwa picha za Kusini. Huyo mtu nikikutana naye leo nitamsalimia vizuri, halafu nitamwomba anieleze taratibu.

Sasa huyo Mayil. Ni jina la binti anayechezwa na Sridevi kwenye picha ya Kitamil, 16 Vayathinile, 1977, ya kwanza ya mwongozaji Bharathiraja. Yeye aliitoa kamera studio akaipeleka kijijini kweli, kwenye vumbi na visima. Sridevi ni binti wa kijijini anayeota kuwa mwalimu, anaingia mkenge kwa daktari wa mifugo aliyetoka mjini, wakati mtu anayemjali kwa dhati ni Kamal Haasan, kijana anayechechemea ambaye kijiji kizima kinamfanyia dhihaka. Rajinikanth ni mhuni wa pale kijijini. Wakati ule Sridevi hakuwa na umri wa kuitwa mtu mzima. Hachezi ngoma ya mitungi. Anakaa kimya kwenye picha hiyo, na kimya chake unakisikia hadi jikoni. Niliitazama kwenye simu ya yule Mtamil, maandishi ya tafsiri yakikimbia chini, na hapakuwa na neno nililohitaji kueleweshwa. Hicho ndicho "cha kijijini" ambacho mama yako hatakielewa! Mama zetu waliotazama picha za Kihindi miaka yote bila kujua Kihindi, leo Kitamil ndio kiwashinde?

Bharathiraja alijaribu kuipiga tena kwa Kihindi, Solva Sawan, 1979, Sridevi yule yule, upande wa mwanamume Amol Palekar. Ikaanguka. Ukianza na hiyo utasema kama nilivyosema mimi.

Lakini jambo lililoniuma kuliko hela ni Moondram Pirai. Ni ya 1982, ya Balu Mahendra. Binti anapata ajali, akili inarudi utotoni, anaishia mahali pabaya, mwalimu wa shule ambaye ni Kamal Haasan anamtoa na kumpeleka kwenye milima ya Ooty kumlea. Kamal alichukua tuzo ya taifa kwa kazi ile, na Balu Mahendra akachukua ya upigaji picha. Mwaka uliofuata mwongozaji huyo huyo na waigizaji hao hao wakuu wawili wakaipiga kwa Kihindi ikaitwa Sadma. Mimi niliona Sadma kwanza, kwa sababu karatasi ya jamaa ilisema hivyo, tena ikiwa katikati ya Tohfa na sijui nini, nimechoka, natafuta wimbo. Nikaipitisha mbele. Nikaona mwisho wake nikiwa nakula. Mwisho ule, mkuu! Sitausema hapa. Kwa hiyo nilipokuja kuitazama ya Kitamil nilikuwa najua kila kinachokuja. Ule mshtuko wa kuuona kwa mara ya kwanza niliuchoma juu ya sahani ya wali, na hakuna kibanda kinachouza mwingine.

Na ukitaka kujua kwa nini Bollywood ilimganda kwenye ngoma, angalia 1983 yenyewe. Sadma na Himmatwala zimetoka mwaka mmoja. Sadma ikakosa watazamaji wakati ule, Himmatwala ikatapakaa. Watengenezaji wakasoma hesabu. Sasa wewe unataka kumjua mtu kupitia hesabu za watengenezaji.

Kwa hiyo, kwa kila picha, kabla ya kutoa hata shilingi, muulize muuzaji: hii ilipigwa kwa lugha gani? Akisema Kihindi, uliza kama kuna ya Kitamil au Kitelugu iliyotangulia. Kama ipo, mama anatazama hiyo kwanza, kwa sauti yake ya asili na maandishi ya Kiingereza chini, wewe ukae pembeni umsomee kwa Kiswahili. Akikujibu "zote ni Kihindi tu, ni kitu kimoja", ondoka. Usibishane naye, atakuuzia na chaja.

Mpangilio basi, haraka. Moondru Mudichu ya 1976, ya K. Balachander, ambako Sridevi, akiwa na miaka kumi na tatu tu, anacheza binti anayeishia kuwa mama wa kambo wa Rajinikanth ili amkomeshe, na unaamini. Kisha 16 Vayathinile, ile ya Mayil. Kisha Moondram Pirai. Pumzika siku mbili. Ndipo uvuke kwenda Kihindi, na huko ruka mitungi yote uende Mr. India ya 1987, halafu ChaalBaaz ya 1989 ambako anacheza mapacha wawili, mmoja anatetemeka akiona kivuli, mwingine anakunywa bia, na Filmfare, wale wa tuzo za picha za Kihindi, wakampa tuzo. Lamhe ya 1991 ikampa nyingine. Ile Kshana Kshanam itafute kwa Kitelugu chake. Halafu English Vinglish ya 2012, mama wa nyumbani anayedharauliwa na familia kwa kutojua Kiingereza. Mwisho Mom ya 2017, iliyompa tuzo ya taifa mwaka 2018, yeye akiwa ameshafariki, Februari ile, hapo hapo Dubai. Judaai sina ugomvi nayo, lakini si lazima.

Uliuliza kama anaimba mwenyewe. Kidogo. Kwenye Sadma kuna ule wa hadithi ya msituni anaoimba na Kamal, na kwenye Chandni kaimba wimbo wenye jina la picha pamoja na Jolly Mukherjee. Zilizobaki ni za waimbaji, na hilo ni jambo la kawaida kwao. Ule wimbo wa picha ya Nagina ni Lata Mangeshkar. Na hiyo "Hawa Hawai" unayosema mama anaiimba akifua ni Kavita Krishnamurthy. Usimwambie leo, mwache amalize kufua.