Kiribati kwa mnaoanza: fungueni ramani ya bahari kwanza

Wadogo zangu mnaoanza mambo ya uvuvi wa bahari kuu, na nyie mliopewa asaimenti ya nchi ndogo za visiwa, naona wengi mnachukua Kiribati, nchi ya Bahari ya Pasifiki, halafu mnaigawa vipande, jiografia huku, uchumi kule, serikali mwishoni, kurasa zinajaa vizuri tu lakini ukiulizwa kwa nini bajeti yao inapanda na kushuka vile, au kwa nini bunge la nchi ndogo hivo limeweza kuangusha marais, unabaki unatafuta kwenye notsi. Mimi kazi yangu ni leseni za meli za kigeni huku Bahari ya Hindi, na hii nchi nimeisoma muda mrefu kwa sababu kwenye kuuza samaki kwa bei ya maana wenzetu wametutangulia mbali. Nawaandikia nilivyoielewa.

Ukifungua ramani ya ardhi hutaona kitu, vidoti tu katikati ya maji. Visiwa 33, ukivijumlisha vyote ni kilomita za mraba 811 hivi, yaani hata Pemba ni kubwa kuliko nchi nzima. Sasa rudi uangalie maji yao, zile maili 200 kuzunguka kila kisiwa ambazo samaki wake ni mali ya nchi: kama kilomita za mraba milioni 3.5. Ya Tanzania ni kama 223,000, kwa hiyo wao wanatuzidi kama mara 15, na watu wao kwenye sensa ya 2020 walikuwa karibu 120,000 tu. Hapo ndo pa kuanzia. Ukishaona hiyo tofauti huwezi tena kuandika kwamba ni nchi isiyo na rasilimali, sentensi ambayo nakutana nayo kila siku kwenye kazi za wanafunzi na inaniuma kweli.

Visiwa vyenyewe ni makundi matatu, Gilbert upande wa magharibi ambako wanakaa watu wengi, Phoenix katikati ambako karibu hakuna mtu, na Line mashariki kabisa ambako kuna Kiritimati, kisiwa cha matumbawe ambacho peke yake ni karibu nusu ya ardhi ya nchi. Kutoka makao makuu Tarawa mpaka Kiritimati ni zaidi ya kilomita 3,000, na kwa miaka mingi ukitaka kwenda kwa ndege ilibidi uzungukie Fiji, ndani ya nchi yako mwenyewe. Mpaka mwisho wa 1994 mstari wa tarehe wa dunia, ule ambao ukiuvuka siku inabadilika, ulikuwa unaikata nchi katikati, Tarawa wakiwa Ijumaa wenzao wa mashariki wako Alhamisi, ukitoa wikiendi za pande zote mbili siku za kazi zinazolingana zinabaki 4. Mwaka 1995 serikali ikausogeza mstari ukapita mashariki ya nchi yote. Watu huwa wanaisimulia kama kichekesho cha kalenda, ila mimi naisoma kama uamuzi wa kiutawala, manake huwezi kuendesha ofisi moja kwenye siku mbili.

Alafu shukeni chini kidogo muangalie maji ya kunywa, hapa watu wa Pwani mtaelewa haraka. Karibu visiwa vyote ni vya matumbawe na mchanga, havina mto, havina kilima, ardhi nyingi iko mita 2 au 3 tu juu ya bahari. Mvua ikinyesha maji yanazama kwenye mchanga yanakaa juu ya maji ya chumvi yaliyoko chini, yanaelea kwa sababu ni mepesi. Tabaka hilo ndo kisima chao. Ukivuta taratibu unapata maji matamu, ukivuta kwa nguvu chumvi inapanda kutoka chini, na mawimbi yakivuka ufukweni siku ya bahari kujaa sana chumvi inaingia kutoka juu. Wana zao linaitwa babai, jamii ya magimbi ila makubwa, wanachimba shimo mpaka wafike kwenye hayo maji ndo wanapanda humo ndani. Chumvi ikiingia shimoni babai inaoza, na ni zao linalochukua miaka kukomaa. Tarawa Kusini, ambako zaidi ya nusu ya nchi imejazana kwenye kipande chembamba cha ardhi, maji ya bomba yanategemea hifadhi za Bonriki na Buota, na hizo hifadhi ziko kwenye ardhi za watu, serikali inazikodi. Kwa hiyo mkiandika habari ya maji msiiache kwenye jiografia, hiyo ni bajeti na ni siasa ya ardhi pia.

Haya, pesa sasa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penye somo lenyewe.

Huku kwetu tumezoea leseni inayolipiwa kwa kipindi, meli inalipa, inaingia, inavua. Kiribati na wenzake saba, Nauru, Tuvalu, Palau, Visiwa vya Marshall, Mikronesia, Visiwa vya Solomon na Papua New Guinea, wako pamoja kwenye makubaliano ya Nauru yaliyosainiwa mwaka 1982, na baadae mwaka 2007 wakaanza kuuza siku. Yaani wanakaa pamoja wanapanga kwa mwaka huu meli za nyavu za kuzungusha (kama ringineti zetu ila ni meli kubwa kabisa) zitavua siku ngapi kwenye maji yao wote, siku hizo wanagawana, kila nchi inauza za kwake. Meli ina kifaa cha setilaiti na ndani kuna mwangalizi, kila siku ya uvuvi inakatwa kwenye akaunti hata kama nyavu zimetoka tupu. Bei ya chini waliyokubaliana imekuwa dola 8,000 za Marekani kwa siku, kwa hiyo meli ikivua siku 30 kwenye maji ya Kiribati ni dola 240,000 kwa uchache. Kinachofanya ifanye kazi ni kwamba hakuna anayeshusha bei kumzunguka mwenzake, mnunuzi akiondoka kwa huyu anakuta bei ileile kwa jirani. Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa inabembelezwa peke yake na ilikuwa inapata kiduchu. Saivi leseni za uvuvi ndo zinabeba serikali ya Kiribati, kuna miaka zimefika kama asilimia 70 ya mapato yake.

Ila jodari hasomi bajeti. Wale jodari wa kopo wanafuata maji ya moto, na mwaka wa El Niño (yale mabadiliko ya joto la Pasifiki yanayorudi kila baada ya miaka kadhaa, kinyume chake ni La Niña) maji ya moto yanasogea mashariki kuelekea Kiribati, meli zinawafuata, siku za Kiribati zinagombaniwa. La Niña ikija samaki wanarudi magharibi kwa kina Papua New Guinea. Na mvua nayo inakwenda hivohivo, El Niño inawaletea mvua kubwa, La Niña inawaletea ukame. Yaani mwaka mbaya unaweza kupunguza pesa ya leseni na maji ya kisima kwa mpigo. Mkipewa jedwali la mapato ya Kiribati, kabla hamjaandika habari ya usimamizi mbovu au mzuri, wekeni pembeni jedwali la El Niño kwanza.

Kabla ya samaki kulikuwa na fosfeti, madini ya mbolea, ya Banaba, kisiwa kimoja kidogo kilichoinuka, kilichimbwa kuanzia 1900 mpaka 1979, mwaka uleule wa uhuru. Wenyeji wake walihamishwa na Waingereza mwaka 1945 kupelekwa Rabi, kisiwa cha Fiji, na hao watu walikuja kwenda mpaka mahakamani London miaka ya 70 kudai haki yao. Msiipite hii habari haraka jamani, ardhi ya watu ilibebwa kwenye meli ikaenda kurutubisha mashamba ya Australia na New Zealand. Kilichobaki upande wa nchi ni mfuko wa akiba ulioanzishwa mwaka 1956 kwa pesa ya hiyo fosfeti, uko kwenye uwekezaji nje ya nchi, na thamani yake imeshapita dola bilioni 1 za Australia (dola ya Australia ndo pesa yao, hawana ya kwao). Nauru nayo ilikuwa na fosfeti, tena nyingi, na mfuko wake ukapukutika. Hao wawili wakiwekwa pamoja mtapata asaimenti nzuri sana kuliko kurudia tena kwamba Kiribati ni masikini.

Pesa ya jodari inamfikiaje mtu wa kisiwa cha mbali? Kwa mbata. Anaangua nazi, anapasua, anaanika, anajaza gunia, linapimwa, analipwa kwa kilo kwa bei ya serikali na siyo ya soko la dunia. Mwaka 2016 bei ilipandishwa mpaka dola 2 za Australia kwa kilo, juu kabisa ya soko. Mchumi wa darasani ataita hasara. Mimi naona ni njia ya kugawa pesa ya jodari kwa watu wasioona hata meli moja ikipita, na ya kuwapa sababu ya kubaki kwao badala ya kwenda kubanana Tarawa Kusini. Kuna na mabaharia pia, chuo cha Betio kimefundisha vijana tangu 1967 wakafanye kazi kwenye meli za mizigo za nje, mishahara ikarudi nyumbani.

Serikali yao ina kitu nakipenda. Rais anaitwa Beretitenti, na hawezi kutokea mtaani tu. Wananchi wanachagua wabunge kwanza, bunge likikaa linapendekeza wagombea kutoka humohumo ndani, watatu au wanne, halafu hao ndo wanarudi kwa wananchi nchi nzima kupigiwa kura. Mwisho ni vipindi vitatu. Bunge likimkataa kwa kura ya kutokuwa na imani, bunge lenyewe linavunjika, nchi inashikwa na baraza la watu watatu, mwenyekiti wa tume ya utumishi, jaji mkuu na spika, mpaka wapatikane wapya. Siyo ya kwenye karatasi tu. Ilitokea 1982, ikatokea 1994, na 2003 Teburoro Tito aliangushwa muda mfupi tu baada ya kushinda, uchaguzi uliofuata Anote Tong akamshinda kaka yake wa damu, Harry. Na bungeni kuna kiti kimoja cha watu wa Banaba wanaoishi Rabi, Fiji, yaani jamii iliyohamishwa bado ina mtu wa kuisemea.

Kuhusu visiwa kuzama bahari ikipanda, andikeni kwa uangalifu. Tong aliipeleka habari ya bahari kupanda dunia nzima, na mwaka 2014 serikali yake ilikamilisha kununua shamba Vanua Levu, Fiji, la kama kilomita za mraba 20. Aliyemfuata 2016, Taneti Maamau, alisema mpango ni kubaki na kuendeleza nchi, siyo kuhama, na wananchi wamemrudisha 2020 na 2024. Mkiandika kama vile watu wote wameshafunga mizigo mtakuwa mmewafutia kura zao.

Mkitaka kujipima kama mmeielewa chukueni hifadhi ya visiwa vya Phoenix. Zaidi ya kilomita za mraba 400,000 za bahari, urithi wa dunia tangu 2010, uvuvi wa biashara ukafungwa humo 2015, na mwaka 2021 serikali ikatangaza kwamba itaufungua. Andikeni ukurasa mmoja tu: nani anapoteza siku ngapi za kuuza, mwaka wa El Niño na mwaka wa La Niña, na mbunge wa kisiwa cha mbata atapiga kura upande gani. Mkikwama kwenye hesabu ya siku niulizeni.