Unyevu chini ya sakafu ya mbao

Dada, umesema nyumba yenu ya Entebbe ni ya zamani, sakafu ya mbao imeinuliwa juu ya nguzo, uvungu wake unanuka ukungu, na fundi anataka kumwaga zege huko chini. Mwambie asubiri.

Kwanza tazama maji ya paa yanaishia wapi. Mvua za Machi hadi Mei zikikukuta na mfereji uliotoboka, au ardhi inayoteremkia ukutani, utaukausha uvungu bure. Ziba mifereji, chimba mtaro, jaza udongo uteremke kwenda nje.

Ndipo utandike nailoni nzito ya ujenzi, unene wa geji 1000, juu ya udongo wote. Toa mawe makali na vipande vya mbao, maana ubao uliosahaulika ni karamu ya mchwa. Nailoni zipishane sentimita 30, maungio yabandikwe utepe, kingo zipande ukutani kidogo tu. Sehemu ya juu ya ukuta iache wazi ili uone vijia vya udongo mchwa wakianza kupanda. Nailoni yenyewe haiwazuii mchwa, muuza duka asikudanganye.

Matundu ya hewa usiyazibe hata panya wakikuchosha. Weka wavu wa chuma.

Na hilo zege? Bila nailoni chini yake unyevu hulipenya, na hela imekwenda. Afadhali fundi achome boriti kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, boriti hiyo imeoza, ibadilishwe.