Doa linalojirudia: pima kwa rula kabla hujanunua printa nyingine

Ndugu, umeeleza kwamba printa yako ya leza inaacha doa jeusi mara tatu katika kila karatasi, kwamba tona, yaani unga wa wino, umekwisha kuibadilisha mara mbili, na kwamba fundi anakushauri ununue mashine mpya. Nina duka la steshenari hapa Makole, Dodoma, na ushauri kama huo niliwahi kuufuata. Baadaye ndipo nilipotambua kuwa mashine niliyoitoa kwa bei ya chuma chakavu ilikuwa mbovu dramu tu, ile silinda ya ndani inayopeleka unga kwenye karatasi.

Chukua rula upime kutoka doa moja hadi jingine. Dramu huzunguka mara kadhaa karatasi moja inapopita, kwa hiyo mkwaruzo ulio juu yake hujichapa kila baada ya umbali ulio sawa na mzingo wake. Dramu yenye kipenyo cha milimita 30 huacha alama kila baada ya milimita 94 hivi, na ya milimita 24 kila baada ya 75. Umbali usiolingana na dramu yako huelekeza kwenye roli nyingine, yaani silinda nyingine inayozunguka ndani ya printa.

Katika printa nyingi ndogo za HP, dramu imo ndani ya katriji (kasha) ya tona, ilhali printa za Brother huitenganisha. Nakuuliza basi: ulinunua katriji, au ulijaziwa unga? Kama ulijaziwa unga tu, dramu ya zamani ingali humo humo, na hata ukijaza mara kumi doa litabaki. Ukiitoa, ifunike kwa kitambaa, kwa maana mwanga huiharibu, wala usiikwangue. Yangu niliikwaruza mwenyewe kwa ncha ya kalamu nikibandua gundi ya lebo.

Fyuza, inayoyeyusha unga kwa joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi ili ushike kwenye karatasi, utaijua kwa kidole gumba: maandishi yakifutika unapoyasugua, shuku hiyo kwanza. Roli ya kuvutia karatasi ndiyo inayoteseka zaidi na vumbi letu la kiangazi, na mara nyingi haihitaji kununuliwa. Mimi huifuta kila Jumamosi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, printa ikiwa imezimwa.

Ukishapima, niandikie ni milimita ngapi, pamoja na namba ya modeli iliyoandikwa kwenye printa.