Jumamosi 21, Jumapili 21: hiyo diklo irudishe dukani

Hiyo diklo, yaani diclofenac, dawa ya maumivu, irudishe dukani leo hii, kabla hatujaongea kingine chochote. Umeandika una mbio za kilomita 21 (half) Jumamosi hapa Mbeya na 21 nyingine Jumapili Iringa, unamaliza kwa saa 2 na dakika 50 hivi, unauliza ule nini katikati, viatu pea moja au mbili, upande basi la saa ngapi, utawahi kumaliza kabla barabara haijafunguliwa kwa magari au hutawahi, halafu mwisho kabisa, kama kitu cha kawaida tu, ukaweka "dawa ya maumivu nishanunua, kocha kasema nimeze mbili asubuhi ya pili ili miguu iamke". Dada yangu, hilo la mwisho ndo limefanya chai yangu ipoe hapa mezani. Mimi hiyo miguu niliiamsha mwaka juzi, safari ile ile unayotaka kwenda wewe, nikaishia siku tano kwenye dripu.

Ilikuwa mwezi wa sita, na mnajua mwezi wa sita wa huku, asubuhi unatoka nje pumzi inafuka moshi. Nikaanza Jumamosi nimevaa sweta. Mimi siyo mkimbiaji wa kasi, 21 yangu nzuri kabisa ni saa 2 na dakika 41, siku za kawaida nacheza kwenye 2:50 kama wewe. Sehemu ya njia ilikuwa mteremko wa kuelekea Mbalizi, na kwa ile baridi, miguu mibichi, watu wanapiga vigelegele pembeni, nikaachia. Nikasema huku chini najilipa ule muda ninaoupoteza kwenye vilima. Nilikuwa naona kwenye saa kilomita moja kwa dakika 6 na sekunde kadhaa, sijawahi kukimbia hivyo maishani, nafurahi, napungia watoto mkono.

Sasa kitu ambacho hakuna mtu aliniambia ni kwamba mteremko haukuchoshi pumzi ila unachana mapaja. Ukipanda, msuli unajikunja ukiwa unafanya kazi yake ya kawaida. Ukishuka, kila hatua msuli wa mbele wa paja unajikaza kukushikilia usianguke na wakati huo huo unavutwa urefuke, na huko kuvutwa huku umekaza ndo kunakoumiza nyuzi za msuli kuliko kitu kingine chochote. Na maumivu yake hayaji pale pale. Yanapanda taratibu mpaka siku ya pili, hata ya tatu. Kwa hiyo Jumamosi saa nne asubuhi nimevaa medali najiona mzima, kumbe ndani kazi imeshaharibika.

Yule aliyeniingiza mkenge ni mtu wa klabu yetu ya jogingi ya wakati huo, simtaji. Cheti cha ukocha hana, elimu ya dawa hana, ana sauti kubwa tu na simu yenye bando la kutuma voisi noti kuanzia saa kumi alfajiri. Nilimwambia naona mapaja yanaanza kugoma, akanijibu maumivu ni akili, wakimbiaji wote wakubwa wanameza, chukua diklo moja sasa, moja usiku, mbili asubuhi, na uweke moja mfukoni. Hata hakuniuliza nimekunywa maji kiasi gani. Nikaenda duka la dawa, dada wa pale akanipa karatasi nzima ya vidonge kumi bila swali hata moja, akanirudishia chenji, akamhudumia mwingine. Mpaka leo nikikumbuka vile alivyonifungia kwenye kigazeti roho inaniuma. Swali moja tu, kaka unaumwa nini, pengine ningejieleza nikajisikia.

Piga hesabu. Miligramu 50 Jumamosi mchana, 50 usiku, 100 saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili tumbo tupu, na 50 nyingine kilomita ya 12 nikitembea. Hiyo ni 250 ndani ya saa 24. Kiwango cha juu cha mtu mzima kwa siku ni 150, na hicho ni cha mtu aliyekaa nyumbani anakula na kunywa vizuri, siyo mtu aliyekauka kwa kukimbia 21.

Na nilikauka kweli. Mbeya tuko juu, mita 1,700 hivi, hewa kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, baridi inakudanganya kiu huna. Nikamaliza mbio nimekunywa vikombe vitatu vya maji basi. Nikakimbilia stendi ya Nane Nane, na kwenye basi nikajizuia kunywa kwa makusudi ili nisisumbue watu kuomba kuchimba dawa. Mbeya mpaka Iringa ni kama kilomita 330, kwa vibao vya 50 na matochi ya trafiki ni saa saba, nane, magoti yamekunjwa kwenye siti. Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, chakula changu mahindi ya kuchoma mawili. Nashuka Ipogolo usiku nashikilia mlango wa basi kama mzee wa miaka tisini.

Jumapili asubuhi, ndo hapo nataka unisikilize, nilikuwa SAWA. Diklo ilifanya kazi yake. Miguu mizito kidogo lakini haiumi. Nikajiona shujaa. Tukapanda kutoka Ipogolo kwenda mjini, wanaopajua kile kilima wanajua, nikapanda natembea nakimbia, nikafika juu nacheka na watu. Maumivu yalikuwepo yote dada yangu, yalikuwa yananiita kwa sauti kubwa, mimi nimezima simu. Ningekuwa nasikia ningeacha kilomita ya 5 nikapanda bajaji nikarudi kulala, na hasara yangu ingekuwa kiingilio tu. Badala yake nikakanyaga kwenye misuli iliyochanika kwa saa 3 na dakika 20 zaidi.

Nilimaliza. Picha ninayo, natabasamu.

Jioni nikaenda chooni mkojo umetoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, ile ya msibani. Nikadhani ni damu. Mapaja yamevimba mpaka suruali haipandi, kichefuchefu, nimetapika mara tatu, halafu mkojo wenyewe ukakaribia kukata, usiku kucha napata matone tu. Mwenyeji wangu ndo alinibeba asubuhi. Nesi wa zamu akanipokea kwa kamwene, salamu ya Kihehe, na tabasamu, akatazama kichupa cha mkojo, tabasamu likaisha, akaniuliza swali moja: kaka, umemeza dawa gani? Yaani yeye kwa kuangalia tu alijua pa kuanzia.

Kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo, ilisoma 380 (mikromoli kwa lita), wakati kwa mtu mzima wa kawaida inacheza kati ya 60 na 110 hivi. Daktari, kijana mdogo tu, Mungu ambariki, alivuta kiti akanieleza na mimi nakueleza wewe. Msuli ukivunjika sana unamwaga protini yake kwenye damu, ile ndo inatia mkojo rangi, na figo ndo zinatakiwa kuichuja. Hiyo ni mzigo wa kwanza. Mzigo wa pili, mwili ukikauka damu inayofika kwenye figo inapungua, kwa hiyo mwili wenyewe unatengeneza kemikali za kuipanua mishipa inayoingia kwenye figo ili zisikose damu. Diklo, ibuprofeni na ndugu zake zinapunguza maumivu kwa kuzuia kemikali hizo hizo. Kwa hiyo mimi niliziongezea figo kazi, nikazipunguzia maji, halafu nikazifungia mlango wa damu, ndani ya siku moja. Akasema ningechelewa kidogo tu zaidi, ningekuwa naongelea mashine ya kusafisha damu. Figo zilirudi, namshukuru Mungu, lakini nilikaa miezi minne sikimbii na mke wangu mpaka leo nikichelewa chooni anabisha hodi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nimeilipia: kama huwezi kuanza ya pili bila kidonge, ya pili huna. Hakuna mjadala. Na kabla hujaniuliza, panado nayo haina tabia ile ya kubana figo, lakini kwa kazi hii naikataa vile vile, maana shida siyo figo peke yake, unazima ile sauti ambayo ndo pekee inayokwambia simama.

Najua watakuja watu hapa chini waseme mimi nameza kila mbio na niko fiti. Kuna watu wamepanda boda bila helmeti miaka kumi. Na wengi wenu mnakimbia moja mnarudi kulala, hamjarundika mbili juu kwa juu. Tena sisi wa polepole ndo tuko pabaya zaidi, kwa sababu yule wa saa moja na robo anakaa barabarani saa mbili na nusu kwa siku zote mbili, wewe utakaa karibu saa sita, jua la saa tatu la nyanda za juu linakukuta bado uko njiani. Na msikimbilie kusema basi anywe maji mengi, kunywa maji matupu kila meza inayotokea nayo ni hatari, chumvi ya mwilini inazimuliwa, na hizi dawa zinafanya mwili ushikilie maji zaidi. Kunywa kiu ikija, na kwa baridi yetu hii jikumbushe kidogo kidogo hata kama haiji, ukimaliza tia chumvi kwenye chakula bila aibu.

Sasa bila kidonge unafanyaje? Jumamosi usikimbie mbio, safiri. Ongeza dakika nzima kwa kila kilomita, kama kawaida yako ni 8 nenda 9, umalize kwa saa 3 na dakika 10 hivi ukiwa unaweza kumsimulia mtu habari ndefu bila kukata pumzi. Tembea kila kilima, tangu cha kwanza. Na mteremko ndo uushuke kwa heshima kuliko kilima, hatua fupi fupi, usijiachie, hata bibi aliyebeba kuni akikupita mwache apite. Half mbili zile ni kilomita 42 na ushee, hiyo ni marathoni nzima, umeikata katikati ukaweka basi. Jumapili asubuhi shuka ngazi. Ukilazimika kushuka kinyumenyume, au kugusa tu paja unaruka, vaa sweta nenda kashangilie wenzako, medali ya Jumamosi inatosha shingoni.

Kula wali maharage, viazi, ndizi, kile tumbo lako limezoea, kula mara tu unapomaliza na ule tena njiani. Basi panda la mapema unaloweza, siti ya pembeni mwa njia uwe unanyoosha miguu, na omba kuchimba dawa bila kuona haya, abiria watanung'unika wataacha. Habari ya muda wa kufungua barabara waandikie waandaaji wa Jumapili kabla, maana kwa mwendo huu ninaokupa utakuwa mkiani.

Na huyo kocha wako mwambie hivi, kama anaamini sana kwenye vidonge aandike kwa mkono wake jina la dawa, dozi, na jina lake chini, akupe ukae nayo. Wangu nilimwomba hivyo nikiwa bado kitandani. Akanitoa kwenye grupu.

Jumamosi ukimaliza, kabla hujapanda gari, nenda chooni halafu niandikie hapa hapa mkojo una rangi gani. Ukiwa kama maji ya limau nitakwambia nenda. Ukiwa umeanza kukoza, kunywa, kula, subiri, angalia tena ukifika Makambako. Ukiwa rangi ya chai usiniandikie mimi, nenda hospitali moja kwa moja.