Kusafiri wiki chache baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: panga maji kwanza, menyu baadaye

Mkuu, swali lako nimelisoma. Umefanyiwa slivu (ule upasuaji wa kukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo), unaingia wiki ya tano, ofisi imekupangia semina ya siku sita mbali na nyumbani: ndege, hoteli, chakula cha bafe. Unataka kujua ubebe nini na ule nini usije ukaumbuka mbele za watu. Mimi nilifanyiwa baipasi (ule wa kubakiza kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo mdogo) na nikasafiri kikazi nikiwa bado kwenye vyakula laini, kwa hiyo chukua haya kama maneno ya mtu aliyepita huko. Mimi si daktari.

Kuna jambo hujaligusa kabisa na ndilo la kwanza: aliyekupasua amekuruhusu kusafiri? Mwezi wa kwanza na kidogo baada ya upasuaji huu ndio wakati ambao damu huganda kirahisi kwenye mishipa ya miguu, na kukaa kitini zaidi ya saa nne kunaongeza hatari hiyo. Kuna wanaopewa sindano za kuzuia damu kuganda, kuna wanaopewa soksi za kubana, na kuna wanaoambiwa waahirishe tu. Usijiamulie mwenyewe wala usiamuliwe na bosi. Ukipata ruhusa, omba barua fupi inayoeleza umefanyiwa nini, lini, na unatumia dawa zipi. Utaihitaji kwenye ukaguzi, na utaihitaji zaidi ukijikuta mbele ya daktari asiyekujua.

Sasa tuje kwenye chakula. Wengi wetu tunaogopa menyu ya huko tuendako. Kwa nilivyoona mimi, menyu ndiyo sehemu nyepesi, kwa sababu karibu kila mahali hutakosa yai, mtindi, samaki au supu. Kinachovurugika safarini ni saa. Nyumbani umeshaizoea ratiba: unakunywa kwa kidogo kidogo, unaacha, unakula, unasubiri nusu saa, unaanza tena kunywa. Ukitoka tu mlangoni ratiba hiyo inashikwa na watu wengine. Foleni ni yao, ukaguzi ni wao, mapumziko ya semina yamepangwa na wao. Jioni inafika, ukihesabu unakuta umekunywa vikombe viwili tangu asubuhi.

Piga hesabu nami. Timu nyingi za upasuaji huu zinataka angalau lita moja na nusu ya vinywaji kwa siku. Tuseme uko macho saa 14. Una milo minne midogo, kila mmoja unakula kwa nusu saa na kusubiri nusu saa kabla ya kunywa. Hapo saa 4 zimeondoka. Zimebaki 10. Lita moja na nusu ukiigawa kwa 10 unapata mililita 150 kwa saa, yaani kikombe kimoja kisichojaa. Ni kidogo sana, mtoto anaimudu. Shida ni kwamba ukipoteza saa tatu uwanja wa ndege, zile mililita 450 huwezi kuzifidia kwa mkupuo. Slivu imekuachia kama robo au hata chini ya robo ya tumbo ulilokuwa nalo. Sisi wa baipasi tumeachiwa kifuko cha mililita 30 hivi mwanzoni. Ukigugumia, yanarudi. Ukiacha, unakaukiwa, na ukikaukiwa kinakuja kichefuchefu, na kichefuchefu kinakufanya usitake hata kuona chupa. Upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha hospitali watu waliofanyiwa upasuaji huu.

Kwa hiyo nilichofanya mimi ni kuweka kengele ya simu, ya mtetemo tu, ilie kila robo saa. Ikitetemeka, mafunda mawili matatu, basi. Kwenye semina hakuna anayejua. Chupa ikiwa na alama za mililita ubavuni ni bora zaidi, maana macho yanadanganya. Ukaguzini pita na chupa tupu, kwa sababu viwanja vingi vinazuia vimiminika vinavyozidi mililita 100 kwenye begi la mkononi, kisha ijaze ukishapita. Vinywaji vya matibabu kwa kawaida huruhusiwa kuzidi hapo ukivitangaza na ukiwa na ile barua, lakini angalia masharti ya uwanja wako kabla ya siku yenyewe. Ndani ya ndege hewa ni kavu kuliko unavyodhani, unyevu wake mara nyingi uko chini ya asilimia 20, kwa hiyo omba maji mapema na omba yasiyo na gesi. Kiti chagua cha pembeni mwa njia. Utaamka kwenda msalani bila kuwasumbua watu, na miguu itapata mwendo.

Soda na chochote chenye gesi, achana nacho. Pombe pia: baada ya upasuaji huu inaingia kwenye damu haraka na kwa nguvu kuliko zamani, na kwenye wiki ya tano sioni hata haja ya kuijadili. Wenzako wakigonga glasi wewe shika maji yako.

Siku ya kusafiri yenyewe, ushauri wangu ni kurudi hatua moja nyuma. Kama umeshafika vyakula laini, siku hiyo kula vya kusagwa na vya kunywa tu. Sababu ni rahisi: chakula kikikukwama ukiwa nyumbani unasimama, unatembea sebuleni, kinapita. Kikikukwama taa ya mkanda ikiwa imewaka, huna pa kwenda. Na kamwe usiruke hatua kwenda mbele kwa kisingizio kwamba uko safarini na hakuna kingine. Wiki ya tano kwa ratiba nyingi bado ni vyakula laini. Vigumu vinakuja karibu wiki ya sita hadi ya nane, kwa kutegemea timu yako imeandika nini. Ratiba zinatofautiana, fuata ya kwako na si ya kwangu.

Unga wa protini ndio uliobeba safari yangu. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na kwa tumbo letu huzifikishi kwa chakula peke yake mapema hivi. Nilipima kila dozi nikaiweka kwenye kifuko chake, vifuko vyote nikavirudisha ndani ya kopo lenye lebo, na kopo likakaa begi la mkononi, kwa sababu begi kubwa linaweza kupotea na unga mweupe usio na jina unazua maswali. Beba ladha uliyokwisha kuizoea baada ya upasuaji, maana ulimi hubadilika. Ninao wenzangu ambao vanila waliyoipenda miaka yote sasa wanaiona kama dawa ya mswaki.

Kukoroga hotelini kuna namna yake. Ukimimina maji ya moto ya birika moja kwa moja juu ya unga, protini inaganda, unapata mabonge yanayofanana na yai lililovurugika, na mabonge hayo kwenye tumbo jipya ni mzigo. Weka unga kwenye kikombe, ongeza vijiko viwili vya maji baridi, ponda kwa mgongo wa kijiko mpaka upate uji mzito usio na chembe, ndipo uongeze maji ya uvuguvugu taratibu. Acha povu lishuke kabla ya kunywa. Povu ni hewa, na hewa inauma. Kwa sababu hiyo hiyo timu nyingi hukataza mrija. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta nayo ni rafiki: vijiko viwili vya mezani vilivyojaa vina protini kama gramu 5, unavikoroga kwenye supu iliyopoa kidogo na hakuna anayeona tofauti.

Bafe unayoiogopa mimi naipenda. Kwenye mkahawa unaletewa sahani ya mtu mzima na mhudumu anakuja kuuliza chakula kilikuwa na kasoro gani. Kwenye bafe unajichotea vijiko vitatu na hakuna anayehesabu. Kifungua kinywa ndicho kizuri zaidi: yai lililovurugwa likiwa laini lakini limeiva (yai moja ni gramu 6 hivi za protini), mtindi usio na sukari, jibini laini. Mchana tafuta samaki mwenye mchuzi, maharage au dengu zilizopondeka, nyama ya kusaga yenye unyevu. Kuku, chukua paja, acha kidari. Kidari kilichokaa juu ya moto wa bafe saa nzima ni nyuzi kavu, na nyuzi kavu hazishuki. Mkate laini, wali na tambi nazo zinajikusanya kuwa donge, kwa hiyo wiki hizi ziache hata kama zinaonekana hazina madhara. Tumia sahani ndogo ya matunda na kijiko cha chai. Protini kwanza, mboga laini baadaye kama nafasi ipo, na mara nyingi haipo.

Ijue dalili yako ya kushiba. Siyo ile ya zamani ya tumbo kujaa. Kwangu mimi pua huanza kuchuruzika kidogo, halafu kunakuja mbano chini ya mfupa wa kifua. Wengine hupata kwikwi, wengine chafya. Ikitokea hiyo, weka kijiko chini hata kama cha mwisho kiko njiani kuelekea mdomoni. Ukikimeza hicho kimoja, mdomo unajaa mate mazito yenye povu, kifua kinabana, na hapo ndipo watu hukimbia meza. Usijaribu kusukuma kwa maji, unaongeza tu kilichopo juu. Simama, toka nje, tembea taratibu mpaka kipite.

Huo ndio umbukaji wenyewe unaouogopa, na dawa yake ni kula polepole. Chakula cha pamoja kinakimbia kwa sababu ya maongezi. Mimi niliwaambia wenzangu mapema, kwa sentensi moja: nimefanyiwa upasuaji wa tumbo, nakula kidogo kidogo. Ni kweli, na huwiwi maelezo ya uzito. Ukitaka kueleza zaidi ni hiari yako.

Kuhusu sukari: juisi, keki ya chai ya saa nne, aiskrimu, biskuti za ndegeni. Sisi wa baipasi tunaijua vizuri hali inayoitwa dampingi, ila hata watu wa slivu inawapata. Sukari inashuka haraka kwenye utumbo mdogo, na dakika 10 hadi 30 baadaye moyo unakwenda mbio, jasho, tumbo linasokota, unatafuta choo. Kuna ya pili inayokuja saa moja hadi tatu baada ya kula, sukari ya damu inashuka na unatetemeka. Vibao vya protini vinavyouzwa viwanjani visikudanganye. Vingi vina sukari kama chokoleti, na vile visivyo na sukari mara nyingi vina vitamu vinavyojaza gesi na kuharisha. Isitoshe ni vigumu mno kwa wiki yako. Cha ndegeni nacho usikitegemee: kimepashwa mpaka kimekauka. Chukua mtindi ulio kwenye trei kama hauna sukari nyingi, mengine yaache.

Vitamini na dawa zote begi la mkononi. Kalsiamu na madini ya chuma vitenganishe kwa saa mbili angalau, na ukivuka majira ya saa usijaribu kufidia dozi kwa kumeza mbili pamoja. Kichwa kikiuma, mwenzako atakupa ibuprofeni au diklofenaki kwa nia njema. Zikatae, zinaleta vidonda kwenye tumbo letu, hasa sisi wa baipasi. Beba parasetamoli yako. Kama unatumia dawa za kisukari au presha, muulize daktari dozi za siku ambazo utakula kidogo kuliko kawaida, kwa sababu zile za zamani zinaweza kuwa nyingi mno sasa.

Mambo ya kutokusubiri semina iishe: moyo kwenda mbio hata ukiwa umetulia, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda begani, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi, mkojo kuwa wa rangi ya chai, au kutapika kiasi kwamba hata maji hayakai. Kutapika kunakoendelea kunamaliza pia vitamini B1, na upungufu wake unagusa ubongo, kwa hiyo usikae chumbani ukisubiri kupona. Nenda hospitali, toa ile barua, sema neno slivu mapema kabisa kabla hawajakupitisha mrija wowote puani. Namba ya timu yako iandike kwenye karatasi pia, ikae pamoja na pasi ya kusafiria.

Ukijibiwa na daktari kuhusu ndege, rudi utuambie ni saa ngapi za kukaa angani, maana kama inazidi nne nina mengine ya kukuambia kuhusu kupumzika usiku ule wa kwanza kabla ya semina kuanza.