Kope zikianza kushuka, usikiamini kidonda

Mdogo wangu alijikata ugoko kwa sepeto akichimba msingi. Jeraha lilizama ndani na lilijaa udongo. Alishonwa siku hiyohiyo na kuchomwa sindano ya pepopunda. Siku ya tisa akaniambia anaona vitu viwiliviwili. Nikamwambia amechoka, akalale. Najuta neno hilo mpaka leo.

Jioni kope zote mbili zilikuwa zimeshuka. Alipotaka kunitazama, ilibidi ainue moja kwa kidole. Maji aliyokunywa yakamtokea puani, ulimi ukawa mzito. Kituo cha kwanza tulichokimbilia walidhani amelewa. Walifungua bandeji, wakakuta kidonda kinakauka vizuri, hakina usaha, na mgonjwa hana homa. Wakaturudisha nyumbani. Kumbe akili yake ilikuwa timamu kabisa, kila swali alilijibu sawasawa, ila kwa maneno yanayoburuta.

Ugonjwa huo ni botulizimu ya kidonda. Bakteria wake, Clostridium botulinum, hukaa udongoni na kwenye vumbi wakiwa wamejifungia ndani ya ganda gumu. Hali hiyo huitwa spora. Spora zikiingia kwenye jeraha lililozama ndani lisilopata hewa, huamka na kuanza kutoa sumu. Sumu hiyo hukata mawasiliano kati ya neva na misuli, misuli ikalegea. Dalili huanza siku kadhaa baada ya kuumia, mara nyingi kati ya siku 4 na 14, wakati mwenyewe ameshalisahau jeraha. Kwa hiyo kidonda kinaweza kupendeza macho huku sumu ikiendelea kusambaa mwilini.

Wapo pia wanaoupata kwa kujidunga dawa za kulevya, hasa heroini, chini ya ngozi au kwenye msuli. Kuichemsha kwenye kijiko hakuui spora. Kama ni wewe au mtu wako, mweleze daktari bila kuficha, kwa sababu tundu dogo la sindano hakuna atakayelitafuta asipoambiwa.

Ulegevu huanzia juu na kushuka, pande zote mbili sawa: macho, uso, koo, shingo, mikono, kifua, miguu. Pepopunda hukakamaza, huu hulegeza, na chanjo ya pepopunda haiukingi. Kinachoua ni misuli ya kupumua kushindwa kazi. Ndiyo maana nasema ukiona kope zimeshuka na maneno yanaburuta kwa mtu aliyeumia wiki moja au mbili nyuma, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali yenye mashine ya kupumulia, na sentensi yako ya kwanza iwe kuhusu jeraha. Mimi kule kituoni nilieleza macho tu.

Hospitali ya pili daktari alisikia habari ya sepeto na udongo akabadilika uso. Hakusubiri majibu ya maabara. Aliagiza antitoksini, dawa inayoinasa sumu ambayo bado iko kwenye damu. Sumu iliyokwisha kushika neva haitolewi tena, kwa hiyo kila saa ina thamani yake. Kisha kidonda kilifunguliwa upya, nyama iliyokufa ikakatwa, akaanzishiwa antibiotiki. Hata hizo huchaguliwa kwa uangalifu, maana jamii ya gentamisini inaweza kuzidisha ulegevu.

Alikaa kwenye mashine wiki tano. Neva huchipua ncha mpya polepole, na nguvu zilimrudia kwa miezi.

Jambo moja kwa wanaouguza. Mgonjwa huyu hafumbui macho, hasemi, hatikisi kichwa, lakini akiwa hajapewa dawa ya usingizi anasikia na anahisi kila kitu. Mdogo wangu alikuja kunisimulia mambo tuliyozungumza kando ya kitanda tukidhani hayupo nasi, ikiwemo siku tuliyojadili kama atapona. Kabla hujamgeuza au kumsafisha, mwambie unachotaka kufanya. Mshike mkono, umwambie ni saa ngapi.